Siku ya tatu bila maziwa

Nilijifungua kwa upasuaji hapa Uingereza, baada ya kisukari cha mimba. Kazini huwaambia wazazi wapya wasubiri, maziwa yatakuja. Siku ya tatu matiti yangu yalikuwa bado laini, mtoto analia, nami nalia naye. Mama akapiga simu kutoka Tanga.

"Mwanangu, umekunywa uji wa pilipili manga?"

"Nimekunywa, mama."

"Basi kunywa tena."

Uji ulinipa joto, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya homoni. Wakati wa mimba, kondo la nyuma hutoa projesteroni nyingi, nayo huzuia titi lisitengeneze laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kondo likishatoka, projesteroni hushuka. Hapo prolaktini, ikisaidiwa na insulini na kotisoli, huamsha seli za titi. Seli huvuta glukosi kutoka kwenye damu, hugeuza sehemu yake kuwa galaktosi, kisha huunganisha hizo mbili kuwa laktosi. Laktosi huvuta maji, ndiyo maana matiti hujaa, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 4.

Kwa kuwa insulini imo katika kazi hiyo, mwenye kisukari anaweza kuchelewa. Upasuaji na uzazi wa kwanza pia huchelewesha. Kuchelewa si kukosa. Nilikamua dang'a kwa mkono, matone machache kwenye kijiko, na kumnyonyesha mtoto kila baada ya saa 2 au 3. Usiku wa siku ya nne niliamka gauni limelowa.

"Si nilikwambia uji?" mama akasema. Sikubisha.

Dada unayejidunga insulini, kumbuka hili: mililita 100 za maziwa ya mama zina takriban gramu 7 za laktosi. Ukitoa mililita 750 kwa siku, zaidi ya gramu 50 za sukari zimetoka mwilini mwako. Sukari yako inaweza kushuka unaponyonyesha, hasa usiku. Weka kitafunwa karibu, pima, na umuulize daktari kuhusu dozi. Mtoto akilala mno, akiwa wa manjano au nepi zikibaki kavu, usingoje maziwa yajae. Mwite mkunga siku hiyo hiyo.