Televisheni ya safarini: kwanza mechi, kisha dishi

Wauza vifaa vya umeme wa Kariakoo wanawajua wateja wa dishi la kubebeka. Yupo dereva wa lori anayekwenda Tunduma na kuendelea hadi Kasumbalesa, yupo msimamizi wa kambi ya wajenzi wa barabara, yupo mwongoza watalii wa Arusha, na zipo familia zinazosafiri na gari lenye kitanda na jiko humo humo. Wengi huanza na swali moja: dishi lipi ni jepesi, na bei gani? Swali hilo huwagharimu. Biashara ya televisheni katika ukanda wetu imegawanywa na haki za matangazo, na anayenunua chuma kabla ya kuamua anataka kutazama nini huishia kubeba mzigo usiomfaa.

Chukua mpira, kwa kuwa ndio unaouza ving'amuzi. Mwaka 2021 Shirikisho la Soka Tanzania lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya Sh bilioni 225.6. Ligi Kuu ya England iko SuperSport, yaani ndani ya DStv ya MultiChoice, kampuni ambayo tangu Septemba 2025 inamilikiwa na Canal+ ya Ufaransa. Matangazo ya Azam yanatoka kwenye setilaiti iliyo longitudo ya nyuzi 7 mashariki. Ya DStv kwa Afrika Mashariki yanatoka nyuzi 36 mashariki, na Zuku iko nyuzi 5. Kwa hiyo shabiki wa Yanga na shabiki wa Arsenal wakipiga kambi pamoja, dishi moja lililoelekezwa sehemu moja haliwatoshi wote wawili.

Setilaiti hizi zimekaa juu ya ikweta, kilomita zipatazo 35,800 kutoka ardhini, na sisi tunaoishi karibu na mstari huo tunaziona juu sana. Ukisimama Dar es Salaam, ile ya Azam iko magharibi, ikiegemea kaskazini kidogo, kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Ukifika Seronera, katikati ya Serengeti, inapanda hadi karibu nyuzi 57. Ya DStv iko nyuzi 81 kwa mtu wa Dar, na kwa mtu wa Nairobi iko karibu utosini kabisa.

Mambo haya ndiyo yanayoamua uegeshe wapi. Mwenye Azam ahakikishe magharibi yake ni peupe, na kama kuna mti upande huo, dishi likae mbali nao kwa umbali usiopungua urefu wa mti wenyewe. Mwenye DStv anahitaji uwazi juu ya kichwa, kwa hiyo mgunga uliotandaza matawi, ambao kila mpiga kambi anaukimbilia saa saba mchana, unamnyima picha. Ndiyo maana siungi mkono dishi lililofungwa moja kwa moja juu ya paa la gari. Gari linataka kivuli na dishi linataka anga. Dishi la kusimamishwa chini, lenye waya wa meta 15, linamaliza ugomvi huo: gari libaki chini ya mti, dishi likae juani.

Huko Ulaya hali ni nyingine, na vifaa vyao vinaonyesha hivyo. Madishi yanayojitafutia setilaiti yenyewe, yaliyofunikwa kwa kuba la plastiki juu ya paa, mengi bei yake inazidi euro 1,000. Yametengenezwa kwa ajili ya watu kama wale wa London, ambako setilaiti ya Astra ya nyuzi 28.2 iko kwenye mwinuko wa nyuzi 25 tu, na kumbukumbu za madishi hayo zimejazwa setilaiti za huko. Anayeletewa kifaa hicho kama zawadi au anayeagiza gari lililotumika aulize mambo mawili kabla ya kulipa: kinafika mwinuko gani, na kinaijua setilaiti ya nyuzi 7 au 36? Wageni wa Afrika Kusini nao wana shida yao. Madishi ya kwao huelekezwa nyuzi 68.5 mashariki, na wakifika huku wakaliweka dishi kama walivyozoea nyumbani, mechi itaanza na kwisha bado wanatafuta.

Kazi yenyewe ya kuseti si ngumu kwa mwenye subira. Nilimtazama fundi mmoja kwenye maegesho ya malori Makambako. Stendi yake ni rimu kuukuu ya gari iliyochomelewa bomba fupi katikati, nzito kiasi cha kuhimili upepo. Kwanza aliisawazisha ardhini hadi bomba likawa wima, kwa sababu bomba likipinda vipimo vyote vinapinda. Akatazama dira ya simu, akaligeuza dishi magharibi, kisha akafungua menyu ya king'amuzi yenye mistari miwili. Ule wa nguvu ya mawimbi hakuujali sana, maana hupanda hata dishi likiwa linatazama pasipo na kitu. Macho yake yalikuwa kwenye mstari wa ubora. Alikuwa akisogeza dishi kwa upana wa kidole, anasubiri sekunde chache king'amuzi kisome, ndipo anasogeza tena. Picha ilipotokea hakuridhika. Akailegeza LNB, kile kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi, akaizungusha kidogo kwenye kishikio chake mpaka ubora ukapanda zaidi, kisha akakaza nati kwa zamu, huku na huku, ili dishi lisihame. Kuzungusha LNB ndiko wasafiri wengi wanakosahau, na pembe yake hubadilika kadiri unavyosafiri.

Kuhusu ukubwa, nashauri watu wasidanganywe na wepesi. Dishi la sentimeta 90 lina eneo zaidi ya mara mbili ya lile la sentimeta 60. Wakati wa kiangazi, dishi dogo linaweza kutosha. Masika yakifika, matone ya mvua hudhoofisha mawimbi, na ziada ile ya eneo ndiyo inayokuokoa.

Umeme ndio unaoharibu vifaa vingi. Televisheni ya inchi 24 ya volti 12 hula wati 25 hivi, king'amuzi na LNB vikaongeza kama 15. Saa nne za kutazama ni wati-saa 160, sawa na ampea-saa 13 kwenye betri ya volti 12, kiasi ambacho betri nzima ya N70 inakimudu bila taabu. Inveta ikiwekwa kati hupoteza sehemu ya umeme huo bure, hivyo nunua televisheni na king'amuzi vinavyokula volti 12 moja kwa moja. Bidhaa hizo zipo kwetu, kwa kuwa kampuni za sola zilizihitaji kwa nyumba zisizo na umeme wa gridi. M-KOPA ya Kenya ilianza kuuza televisheni za namna hiyo mwaka 2016. Lakini dereva wa lori awe macho: malori makubwa mengi yana mfumo wa volti 24. Bila kifaa cha kushusha hadi 12, king'amuzi kinaungua mara moja.

Si kila mahali panahitaji dishi: antena ya kawaida inafaa karibu na miji. Tanzania ilianza kuzima analojia Desemba 31, 2012, na Kenya ikakamilisha mwaka 2015. Nchi zote mbili zinatumia mfumo wa DVB-T2, kwa hiyo seti ya zamani ya DVB-T pekee haisomi kitu. Ukiingia mbugani, antena haikusaidii. Intaneti ya Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, inabadilisha hesabu kwa wenye uwezo, ila uliza mamlaka ya mawasiliano ya kila nchi kabla ya kuvuka nayo mpaka.

Kampuni za ving'amuzi zimeiacha sehemu hii ya soko kwa mafundi wa rimu na bomba. StarTimes huuza vifurushi vya siku na vya wiki, na hilo ni jambo jema kwa msafiri. Lakini boksi moja lenye dishi la kukunjwa, stendi, waya wa meta 15, kishusha volti na karatasi ya Kiswahili yenye mwelekeo wa kila mji mkubwa, silioni madukani. AFCON ya 2027 itachezwa Kenya, Tanzania na Uganda, na maelfu ya watu watakuwa njiani kati ya nchi hizo tatu. Azam, DStv na Zuku, wekeni boksi hilo sokoni kabla ya mashindano hayo.