Dishi au Mtandao: Kipi Nafuu?

Wasomaji wapenzi, na hasa ninyi mliotutangulia katika shule hii ambao sasa mna nyumba na watoto, nataka kuwaeleza habari ya gharama za kutazama picha nyumbani. Likizo ya Desemba jambo hili lilizusha mabishano katika nyumba ya mjomba wangu, Mununga, na nusura linikoseshe nauli ya kurudi shuleni.

Katika nchi yetu televisheni ilianza Kitwe mwaka 1961, ikawafikia wachache waliokaa karibu na mnara. Mwaka 1995 kampuni ya MultiChoice ilianzisha DStv, ambayo huleta picha kwa setilaiti, basi hata kijiji cha pwani ya Ziwa Mweru kikaweza kuona yanayoonwa mjini. Ng'ambo wengi hupokea televisheni kwa waya. Sisi badala ya waya tuna dishi na king'amuzi. Kisha Januari 2016 kampuni ya Netflix ya Marekani ikafungua huduma yake katika nchi zaidi ya 130 kwa siku moja, na Zambia ikiwamo. Hii hutazamwa kwa mtandao wa intaneti, hata katika simu.

Tofauti yao ya kwanza ni namna ya kulipa. Mwenye dishi hulipa mara moja kwa mwezi. Akitazama saa moja au saa mia, malipo ni yale yale. Mwenye kutumia mtandao hulipa mara mbili: ada ya huduma, na tena bando la intaneti. Na bando ni kama mafuta ya taa: kadiri taa inavyowaka, ndivyo mafuta yanavyopungua.

Hupungua kiasi gani? Netflix wenyewe hueleza ya kuwa picha ya hali ya chini hula karibu GB 0.3 kwa saa, picha ya wastani GB 0.7, na picha safi kabisa ya HD hufika GB 3. Basi nyumba inayotazama saa 3 kila siku, yaani saa 90 kwa mwezi, itahitaji GB 27 kwa picha ya chini, GB 63 kwa ya wastani, au GB 270 kwa ile safi.

Sasa tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Kila mtu aweke zile za dukani kwake. Tuseme dishi ni Kwacha 310 kwa mwezi, ada ya mtandao Kwacha 100, na GB moja Kwacha 15. Toa 100 katika 310, zabaki 210. Gawa kwa 15, utapata GB 14. Gawa tena kwa 0.7, utapata saa 20. Hapo ndipo mpaka ulipo: anayetazama chini ya saa 20 kwa mwezi, yaani kama dakika 40 kwa siku, mtandao ni nafuu kwake. Akizidi hapo, dishi ni nafuu. Kwa picha ya chini mpaka husogea hadi saa 46 na zaidi. Kwa picha safi hata saa 5 hazifiki.

Jambo la pili ni hesabu ya watu. Televisheni moja huwatosha watu kumi na mmoja sebuleni kwa malipo yale yale. Lakini watoto watatu wakitazama kila mmoja kwa simu yake, bando huliwa mara tatu.

Jambo la tatu, nalo kwetu ni kubwa, ni majira ya fedha. Kila mwaka serikali hufunga uvuvi tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaane. Mjomba ni mchuuzi wa samaki wakavu. Ziwa likifungwa, na mfuko wake hufungwa. Kwa hiyo mwisho wa Novemba aliacha kulipia dishi. Watoto wake wakamwambia mtandao ni rahisi, maana bando dogo hununuliwa kwa kwacha chache. Akakubali, kwa kuwa fedha kidogo haimtishi mtu.

Kila jioni bando moja, na mara nyingine mawili. Karibu na Krismasi nikaona kopo la akiba limekuwa jepesi. Nikamwambia, “Bayama, naomba tuandike kila bando katika daftari la madeni ya samaki.” Tukaandika siku kumi na nne. Tulipojumlisha, fedha iliyotumika ilikuwa imepita malipo ya dishi ya mwezi mzima. Mjomba akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Mpwa wangu, kumbe tumekula nauli yako.”

Hatukugombana. Tulikubaliana kutumia simu moja tu, picha ya hali ya chini, Jumamosi na Jumapili, na dishi lingoje Machi ziwa litakapofunguliwa. Filamu ambayo watoto hupenda kuirudia, tuliihifadhi katika simu mara moja, isile bando kila inapotazamwa. Nauli ilipatikana, ingawa nilifika shuleni nimechelewa siku mbili.

Basi wenzangu, msimwulize jirani kipi ni nafuu, kwa sababu nyumba yake si yenu. Ulizeni mambo matatu: twatazama saa ngapi, tu watu wangapi, na fedha yetu huja lini? Mtu mmoja anayetazama kidogo, mtandao utamfaa. Nyumba yenye watu wengi na mapato ya kila mwezi, dishi litaifaa. Na yeyote anayenunua kidogo kidogo, na awe na daftari. Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Nami nimejifunza likizo hii ya kuwa haba na haba humaliza kibaba pia.