Ugonjwa wa Timothy: ubongo mdogo wa maabara wafungua njia ya matibabu

Daktari anaweza kuchota damu ya mtoto mgonjwa, hata kukata kipande kidogo cha ini lake akichunguze. Ubongo wa mtoto aliye hai haukatwi hivyo. Ndiyo maana chanzo cha magonjwa mengi yanayovuruga ukuaji wa ubongo kimebaki fumbo kwa miaka mingi.

Mwezi wa Aprili 2024, kundi la watafiti linaloongozwa na Sergiu Pașca wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lilieleza katika jarida la Nature namna lilivyopita kando ya kizuizi hicho. Kwa kutumia seli za wagonjwa wenyewe, limerekebisha hitilafu inayoleta ugonjwa wa Timothy.

Ugonjwa huu ni nadra sana, lakini ni mkali. Mapigo ya moyo huvurugika, vidole huweza kuzaliwa vimeungana, na watoto wengi huonyesha dalili za usonji au kifafa. Baadhi hufariki wangali wadogo. Tangu 2004 inajulikana kwamba chanzo ni kosa dogo katika jeni iitwayo CACNA1C, inayosimamia mlango wa kuingizia kalisiamu ndani ya seli. Kwa wagonjwa hao, mlango unachelewa kufunga na kalisiamu inaingia kupita kiasi.

Kujua jeni ni jambo moja, kuona inachoharibu ni jingine. Hapo ndipo ugunduzi wa Mjapani Shinya Yamanaka, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2012, unaposaidia: seli ya ngozi inaweza kurudishwa nyuma hadi kuwa seli shina, yaani seli inayoweza kukua kuwa kiungo chochote. Zikilelewa miezi kadhaa katika maabara, seli hizo hujipanga zenyewe na kuwa oganoidi, donge la milimita chache linalofanana na sehemu ya ubongo wa mtoto akiwa tumboni.

Katika madonge ya wagonjwa wa Timothy, kundi la Pașca liliona seli za neva zikisafiri vibaya: zinahama mara nyingi, lakini kila hatua ni fupi, hivyo zinachelewa kufika mahali pake.

Tiba iliyojaribiwa ni ya ujanja. Jeni hiyo ina vipande viwili vinavyoweza kushika nafasi moja, na kosa liko katika kimoja tu. Watafiti walitengeneza uzi mfupi wa kemikali unaoifanya seli iruke kipande kibovu na kutumia kile kizima. Kalisiamu ikarudi kwenye kiwango chake, na seli zikasafiri ipasavyo. Matokeo mazuri yalionekana pia katika panya waliopandikizwa oganoidi hizo ubongoni.

Upandikizaji huo unazua maswali ya maadili, na si ya kupuuzwa: katika utafiti wa 2022 wa kundi hilohilo, seli za binadamu zilikua hadi kujaza karibu theluthi moja ya upande mmoja wa gamba la ubongo wa panya. Tena, oganoidi haina mishipa yake ya damu, wala si ubongo kamili.

Hakuna mtoto aliyepewa dawa hiyo katika utafiti wa 2024. Hata hivyo njia yenyewe si ngeni hospitalini: nusinersen, dawa ya ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli ya watoto, hufanya kazi kwa namna inayokaribiana nayo, na iliidhinishwa Marekani mwezi wa Desemba 2016.