Je, Wajua? Zaburi Asubuhi, Kilabuni Jioni

Je, wajua kwamba Mwingereza Henry Purcell alikuwa na umri wa takriban miaka 20 tu alipokabidhiwa kinanda cha Westminster Abbey, London? Ilikuwa mwaka 1679, na aliyempisha ni John Blow. Purcell alipofariki mwaka 1695, Blow huyohuyo akarudi kukalia kiti chake cha zamani!

Ngoja, sikia hii. Inasimuliwa kwamba Mfalme Charles II alikwenda kutembea baharini kwa mashua yake, dhoruba ikawakumba, na ndani alikuwamo mwimbaji wa besi, John Gostling. Alipofika nchi kavu salama, Gostling alichagua mistari ya zaburi kuhusu wasafiri wa baharini, akamwomba Purcell aitilie muziki. Sauti ya Gostling ilikuwa nzito ajabu, basi Purcell akaufungua wimbo kwa kumshusha oktava mbili nzima. Hebu jaribu wewe, uone utaishia wapi! Mfalme, maskini, alikufa 1685 kabla ya kuusikia.

Sasa ziba masikio ya watoto. Mtunzi huyohuyo wa zaburi aliandika zaidi ya nyimbo 50 za kupokezana, nyingi zikiwa za kuimbwa penye vikombe. Watu watatu huimba sauti ileile, kila mmoja akiingia kwa zamu. Katika baadhi yake, ukiimba peke yako maneno ni ya adabu kabisa. Zikiingia sauti zote tatu, neno la huyu linadakia la yule, na tusi linachomoza peupe! Baadaye wachapishaji wengine waliona haya, wakabadilisha maneno.

Malkia naye? Inasemekana Mary II alichoka kusikiliza nyimbo za Purcell, akaomba aimbiwe wimbo wa mitaani, mtunzi mwenyewe akiwa amekaa hapohapo kwenye kinanda. Purcell hakujibu kitu. Katika wimbo wa siku ya kuzaliwa ya malkia, mwaka 1692, akaichukua tuni ileile ya mitaani na kuifanya besi. Kisasi kitamu, au siyo?

Unajua kulia kwa hesabu? Katika opera yake ya Dido, malkia Dido anaimba kilio cha kufa huku besi ikirudia tuni moja fupi mara 11. Onyesho la mwanzo kabisa linalojulikana lilifanyika katika shule ya wasichana pale Chelsea. Hadi leo bendi za jeshi hupiga kilio hicho London kila Novemba, katika kumbukumbu ya waliokufa vitani.

Na baridi je? Katika mchezo wake wenye muziki, King Arthur, wa 1691, roho wa barafu anaimba akitetemeka kila silabi, na Purcell aliuandika mtetemeko huo kwenye noti zenyewe.

Machi 1695 alipiga muziki wake katika mazishi ya Mary. Novemba mwaka huohuo akazikwa yeye, na muziki uleule ukapigwa tena! Alikuwa na miaka 36, akalazwa karibu na kinanda chake. Jiwe la kaburi linajigamba kwamba amekwenda mahali pekee ambapo muziki wake unaweza kushindwa.

Ah, na ile tuni ya tarumbeta iliyomwingiza Binti Mfalme Diana wa Uingereza kanisani siku ya harusi yake, 1981? Kwa miaka mingi watu waliapa ni ya Purcell. Ni ya Jeremiah Clarke!