Kitambaa cha ukumbusho: nani anakifuma, nani anamudu kukivaa?

Kuanzia 1563 hadi 1736, sheria ya Scotland iliadhibu uchawi kwa kifo. Inakadiriwa kuwa watu wapatao 2,500 waliuawa, wengi wao wanawake: walinyongwa, kisha miili yao ikachomwa moto. Mwaka 2025 walipata kitambaa chao, tartani (kitambaa cha mirabamraba cha Kiskoti) ya Witches of Scotland, kazi ya mbunifu Clare Campbell pamoja na Claire Mitchell na Zoe Venditozzi, wanaoendesha kampeni ya kuwakumbuka waliouawa. Nyeusi na kijivu ni giza la enzi zile na majivu, nyekundu ni damu, na waridi ni tepe za kufungia nyaraka za kisheria. Sisi tunaotoka nchi ambako vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Tartani husajiliwa katika rejista ya taifa iliyoko Edinburgh, iliyoundwa kwa sheria ya 2008. Ada yake, pauni 70, haitishi. Lakini usajili huo unathibitisha tu kwamba mchoro ni mpya na umewekwa kwenye kumbukumbu. Kinachomzuia mtu kuunakili ni hakimiliki na sheria za ubunifu, na mwenye haki ndiye anayeamua nani aufume na kwa masharti gani. Kwa kitambaa cha harakati, leseni ndiyo njia ya fedha: mfumaji anauza, sehemu ya mauzo inakwenda kwenye kampeni kama mrabaha. Bila hiyo, mchuuzi yeyote atachapa skafu za bei poa na harakati isiambulie kitu.

Bei ndiyo mtihani. Kilti (sketi ya Kiskoti) ya kiasili humeza takriban mita 7 za sufu, hushonwa kwa mkono, na hugharimu mamia ya pauni. Skafu au utepe unapunguza gharama bila kupoteza maana.

Somo hilo linatuhusu: vyama vyetu vinavyochapisha kanga na vitenge vya kuchangia misiba, shule au wagonjwa viandikiane mapema: mchoro ni wa nani, kila doti inachangia kiasi gani, na ni kipi atakachokimudu mwenye kipato kidogo. Leseni ilinde mchango, isimfungie mtu mlango. Waliouawa Scotland wengi walikuwa watu wa kawaida, na watu wa kawaida wana haki ya kwanza ya kuwavalia.