Aseniki, Platini na Dhahabu: Zilizoshika Rekodi Dhidi ya Saratani ya Damu

Wilaya ya Mbozi, mkoani Songwe, ina metali yenye sifa tayari: kimondo cha Ndolezi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, karibu asilimia 90 ikiwa chuma. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa duniani. Metali ninazozisimulia hapa hupimwa kwa miligramu, lakini zimejaribiwa dhidi ya lukemia, yaani saratani ya damu.

Kongwe kuliko zote ni aseniki. Wanakemia huihesabu kuwa nusu metali. Mwaka 1865 daktari Mjerumani, Lissauer, alimpa mgonjwa wa lukemia sugu maji ya Fowler, dawa ya aseniki iliyojulikana tangu 1786, naye akapata nafuu ya muda. Baadaye tiba nyingine ziliisukuma kando.

Ushindi mkubwa kuliko wote nao ni wa aseniki hiyohiyo. Mwaka 1957 Hillestad wa Norway alieleza lukemia ya promielositi, akaiita kali kuliko zote. Wagonjwa walivuja damu na kufa ndani ya wiki chache. Miaka ya 1970, madaktari wa Harbin, China, akiwamo Zhang Tingdong, walianza kuijaribu aseniki. Ikaja kufahamika kwamba huivunja protini mbovu inayozuia chembe changa za damu kukomaa. Marekani iliidhinisha aseniki trioksidi mwaka 2000. Utafiti wa 2013 uliwapa wagonjwa wasio na hatari kubwa aseniki pamoja na dawa ya jamii ya vitamini A: baada ya miaka miwili, asilimia 97 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi. Ugonjwa uliotisha kuliko wote umekuwa miongoni mwa lukemia zinazopona zaidi. Kwangu mimi, hakuna rekodi inayoizidi hii.

Iliyogunduliwa kuwa dawa kwa bahati kubwa ni platini. Mwanasayansi Rosenberg wa Marekani alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria mwaka 1965, bakteria wakaacha kugawanyika. Chanzo kilikuwa platini ya vyuma vyake vya umeme. Mwaka 1969 ilionyesha nguvu kwa panya wenye lukemia. Kwa binadamu, hata hivyo, ilipata umaarufu dhidi ya saratani nyingine, ikiwamo ya mlango wa kizazi.

Dhahabu bado inasubiri zamu yake. Oranofini, kidonge cha dhahabu kilichoidhinishwa 1985 kwa baridi yabisi, huua chembe za lukemia maabarani na kimejaribiwa kwa wagonjwa, ila hakijawa tiba rasmi.

Wachimbaji wadogo wa Songwe na Chunya, msidanganywe: mawe ya mgodini, zebaki au unga wa aseniki si dawa, ni sumu. Aseniki ya hospitali hudungwa mshipani kwa kipimo, moyo ukifuatiliwa. Ukiona homa isiyoisha, weupe wa viganja, fizi zinazovuja damu au michubuko isiyo na sababu, hasa kwa mtoto, nenda kituo cha afya ukaombe kipimo cha picha kamili ya damu.