Mbweni si ya mbwa

Mgeni anayemsikia konda akiita "Mbweni, Mbweni!" huwaza mbwa moja kwa moja. Asichekwe, ila sarufi haikubaliani naye. Kiambishi -ni hakigusi irabu inayokitangulia: nyumba huzaa nyumbani, shamba huzaa shambani. Mbwa angezaa Mbwani.

Neno lililojificha humo ni mbwe. Vijana wengi wa mjini hawalijui tena, lakini kamusi zimelitunza: mbwe ni vijiwe, changarawe, mawe madogo ya kujaa kiganjani kama yale ambayo wasichana huchezea mdako. Mbweni basi ni penye vijiwe, kama Mikocheni ilivyo penye mikoche. Jina limekaa vizuri pwani hiyo ya Kinondoni, kati ya Ununio na mto Mpiji, ambako bahari haichoki kutupa vipande vya matumbawe ufukweni. Unguja nako kuna Mbweni, kusini mwa mji, palipowekwa makazi ya watumwa walioachwa huru miaka ya 1870. Nayo iko ufukweni.

Ila mbona tunasema jiwe na mawe, bila b? Sauti hiyo ilikuwapo. Mzaramo, mwenyeji wa pwani hii, jiwe huliita dibwe, na yakiwa mengi ni mabwe. Hayo mabwe yanasikika waziwazi katika jina la Mabwepande, huko huko upande wa Bunju. Katika Kiswahili b ya zamani ililainika ikawa w ilipokuwa kati ya irabu. Ilipotanguliwa na m, ilisalimika. Linganisha mawingu na mbingu: shina ni lile lile, sauti mbili.

Mabwe hayo hayo yamesafiri mbali. Jina Zimbabwe, lililotwaliwa na nchi ile ilipopata uhuru mwaka 1980, kwa maelezo yanayokubalika zaidi latokana na maneno ya Kishona yenye maana ya nyumba za mawe. Dhahabu ya nyanda zile ilipitia Sofala na kuitajirisha Kilwa, kwa hiyo undugu huu wa maneno haukuwa wa mbali hata kibiashara.

Wewe uliyejenga Mbweni juzi, mtafute mzee aliyezaliwa hapo kabla viwanja havijapimwa. Muulize mbwe zilikuwa nyingi upande gani wa ufukwe, uandike atakachokuambia.